Skrubu Zote Zinaagizwa Kulegea

Inatangazwa kwa umma wote wa Asubinso na viunga vyake kwamba, kuanzia Jumatatu saa mbili kamili asubuhi, skrubu zote zinazoshikilia vibao vya zamani vya namba za magari zitalegea.

Ndivyo tangazo lilivyosomwa redioni, baada ya habari za misiba na kabla ya dawa ya minyoo, ili lisimpite mtu. Halikusema skrubu zitalegezwa na nani, wala kwa kifaa gani. Bwana Theophilus Ampem, Kaimu Mkurugenzi wa Mamlaka ya Vibao, ndiye aliyeliandika, na kwa maoni yake serikali inayoanza kueleza ni serikali iliyoanza kujishuku. Serikali hutamka tu. Mengine hujipanga yenyewe.

Sababu za kutamka zilikuwapo. Wizara huko Accra ilikuwa imetoa vibao vipya, vyeupe pe, na ikataka vya zamani virudishwe vyote, vikiwa vizima, bila tundu wala mkwaruzo. Mkoa utakaomaliza kwanza ungetajwa mbele ya Waziri. Na Bwana Ampem alikuwa mtu wa kutajwa. Neno "Kaimu" lilikuwa limekaa mbele ya cheo chake muda mrefu, kama mgeni aliyesema anapumzika kidogo tu.

Lakini lililomnyima usingizi zaidi halikuwa la ofisi. Mama mkwe wake, Mama Birago, alikuwa amefariki, na mazishi yalikuwa Jumamosi ya wiki hiyohiyo, kijijini Nkwantaso. Kwa watu wa huko jeneza hutoka kwa mkwe. Halitumwi na mtu, haliletwi na mwakilishi. Mkwe huja nalo mwenyewe, mchana kweupe, ukoo mzima umekaa kwenye viti vya plastiki unatazama, na mkuu wa ukoo hulipokea au hulikataa. Mkuu wa ukoo alikuwa Mjomba Nsiah, kaka wa marehemu. Huyu, siku Ampem alipokwenda kuposa akiwa na barua za utambulisho na ratiba iliyopigwa chapa, alimtazama kuanzia viatu hadi miwani, akasema, "Huyu atatuletea karatasi mpaka tufe."

Sasa mmoja wao alikuwa amekufa, na Ampem alikuwa amekata kauli kwamba safari hii hapeleki karatasi. Alinunua jeneza la mvule lililong'arishwa mpaka ukijitazama unaona meno. Mkewe, Adoma, alilizunguka, akaligonga kwa kidole, kisha akasema, "Ukichelewa na hili, mume wangu, uingie humo wewe."

Jumatatu saa mbili ikafika. Skrubu hazikulegea.

Kufikia saa tatu foleni ilikuwa imelizunguka jengo la Mamlaka. Wa kwanza dirishani alikuwa Tawia, dereva teksi ambaye gari lake lilikuwa na breki, mdomo wake hauna.

"Bosi, mimi nimeamka salama, na skrubu zangu zimeamka salama. Ila hazijalegea."

"Saa mbili kamili ulikuwa wapi?" aliuliza Ampem, maana siku hiyo alikuwa ameamua kuusikiliza umma kwa masikio yake mwenyewe.

"Nimechuchumaa nyuma ya gari, nimezikodolea macho."

"Pengine umezitia aibu."

"Nizigeuzie mgongo, bosi?"

"Ungezipa nafasi. Na tangazo ulizifikishia?"

"Redio ya gari ni mbovu. Niliziambia kwa mdomo."

"Kwa lugha gani?"

"Ya matusi."

Ampem alitikisa kichwa kwa masikitiko. Elimu kwa umma bado ilikuwa na safari ndefu.

Ukweli ni kwamba skrubu zile zilikuwa mtoto wa Mamlaka yenyewe. Miaka ya nyuma, wezi wa vibao walipozidi, ziliagizwa kutoka ng'ambo skrubu za aina yake, zenye kichwa cha mviringo, laini kama kipara cha askofu, ambacho bisibisi ikikigusa inateleza. Zikikazwa, zimekazwa. Zilikuja na chombo cha kukazia. Cha kulegezea hakikuagizwa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mpango wa kulegeza. Aliyesimamia ununuzi huo alipewa cheti, na cheti kilikuwa kimetundikwa ukutani, nyuma ya kiti cha Bwana Ampem. Misimu ya mvua ikaongeza kutu yake, bure bila malipo.

"Basi niende gereji wanitobolee," Tawia alisema. "Drili inapita mara moja, kichwa kinaruka, kibao hiki hapa mkononi mwako."

"Kutoboa ni kuharibu mali ya Serikali. Jela."

"Nikiache kilipo?"

"Kukiacha ni kukaidi tangazo. Jela."

"Sasa bosi, kati ya jela hizo mbili mimi nikae wapi?"

"Katikati," Ampem alimjibu kwa upole. "Hapo ndipo raia mwema anapokaa."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Ampem akaona umma umefurahi, akarudi ofisini ameridhika.

Isidhaniwe kwamba Mamlaka ililala. Iliundwa Kamati ya Skrubu Sugu, ikakaa, ikala wali wa nyanya kwa kuku, ikatoka na taarifa. Skrubu za mkoa, taarifa ilisema, ni za namna mbili: ambazo hazijafahamu, na ambazo zimefahamu zikakaidi. Za kwanza zielimishwe. Za pili zishughulikiwe. Hapo ndipo kipaji cha Kaimu Mkurugenzi kilipong'aa. Alijifungia ofisini, akatoka na waraka ambao hata mahasimu wake walikiri kwamba umeandikwa kwa lugha safi:

"Kibao cha zamani ni mali ya Mamlaka. Kitu chochote kilichoshikamana na mali kwa skrubu ni kiambatisho cha mali hiyo, na kitu kilichoshikamana na kiambatisho kwa skrubu ni kiambatisho pia. Viambatisho vyote vitamfuata mwenye mali."

Yaani, kibao kimeshikamana na bampa kwa skrubu, basi bampa ni la Mamlaka. Bampa limeshikamana na gari kwa skrubu, basi samahani, mheshimiwa, shuka. Tatizo la kutenganisha vibao na magari lilikwisha siku hiyo, kwa kuacha kuvitenganisha.

Vizuizi vikawekwa barabarani. Magari yakakokotwa hadi uwanja wa maonyesho ya kilimo: teksi, malori ya viazi vikuu, basi la kwaya likiwa bado na sauti ya pili ndani. Hakuna cha msalie mtume. Takwimu za vibao vilivyorudishwa zikapaa, na simu ikapigwa kutoka Accra. "Ampem," ilisema, "wewe ni mashine!" Jumatatu inayofuata Waziri angekuja kuona mafanikio hayo kwa macho yake.

Ampem akaenda redioni, akatamka kwamba katika zoezi hili hakuna mkubwa wala mdogo, ndugu wala rafiki. "Hata mimi," akaongeza. Hakuwa na maana yoyote na maneno hayo. Aliyaweka kunogesha tu, kama mtu anavyotia pilipili kwenye ndizi za kukaanga.

Ijumaa mchana alipakia jeneza kwenye pikapu yake. Barabara ya Nkwantaso ina mashimo ya kung'oa meno, naye hakutaka kumpelekea mama mkwe kitu kilichobonyea. Kwa hiyo alikwenda stoo ya Mamlaka, akachota skrubu zilizobaki za ule ununuzi wa sifa, akamwita seremala, na jeneza likakazwa kwenye sakafu ya pikapu, pembe zote. Seremala alilisukuma kwa bega. Halikutikisika. Iliyotikisika ni pikapu.

"Na kulitoa je, mzee?" seremala aliuliza.

"Kwanza lifike," alisema Ampem. "Kulitoa ni hatua inayofuata."

Kibao cha pikapu nacho kilikuwa cha zamani. Siku mbili nyuma alikuwa amejificha uani na kisu cha mezani, akiamini kwamba skrubu zingemtambua aliyezinunua. Hazikumtambua. Alirudi ndani na kidole kimefungwa kitambaa, akamwambia Adoma amejikata akifungua bahasha.

Kizuizi cha mwisho mjini kilikuwa cha Bi Vida Boatemaa, afisa kijana ambaye Ampem mwenyewe alimwajiri, kwa kuwa kwenye usaili alijibu kila swali kwa kunukuu nyaraka. Ampem alipunguza mwendo, akainua mkono kumpungia. Bi Vida akainua wake, una bendera nyekundu.

"Mheshimiwa, pole na msiba."

"Asante, Vida. Fungua, nimechelewa."

"Kibao ni cha zamani, Mheshimiwa."

"Najua ni cha zamani. Vida, ni mimi!"

"Ndiyo maana, Mheshimiwa. Ulisema 'hata mimi'. Nilikuwa namenya mihogo, nikaweka kisu chini nikalia. Nikasema, hatimaye tumepata kiongozi."

"Mwanangu, ile ilikuwa namna ya kusema tu."

"Siwezi kukuaibisha kwa kukupitisha," alisema Bi Vida, machozi yakimlengalenga. "Watakuteta." Akamfungulia mlango kwa heshima zote, akamshika mkono kumshusha, kisha akazunguka nyuma ya pikapu. "Na hili jeneza… limekazwa kwa skrubu?"

Ampem alitaka kusema hapana. Lakini skrubu zilikuwa zinang'aa juani, mpya, kila moja inajieleza.

"Kiambatisho," alisema Bi Vida taratibu, kama mtu anayemalizia sala.

Uwanjani Ampem alikuta matokeo ambayo Kamati haikuyajadili. Mama Birago alikuwa ameuza vitambaa sokoni Asubinso maisha yake yote, na nusu ya mji ilikuwa imefunga safari kwenda kumzika. Wote walikuwa na vibao vya zamani. Kwa hiyo nusu ya msiba ilikuwa imeshakusanyika, ila si Nkwantaso. Watu wa nguo nyeusi na nyekundu walikaa kwenye mabuti ya magari yao. Akina mama walikuwa wameinjika vyungu. Wapiga ngoma wa ukoo walikuwa wanajaribu ngozi juu ya lori la viazi. Tawia ndiye aliyejipa kazi ya kukaribisha wageni.

"Bosi!" alimwita kwa furaha ya kweli. "Karibu katikati!"

Simu ya Ampem ikalia. Adoma.

"Uko wapi?"

"Kazini."

"Kazini? Mama amelazwa, amevalishwa, watu wanamlilia, kaka zangu wanachungulia barabara mpaka shingo zinawauma, wewe uko kazini?"

"Nimekamatwa, Adoma."

"Na nani?"

Hilo lilikuwa swali gumu. "Na… ofisi."

"Ofisi ya nani, Theo?"

 Ampem angeweza kusaini pikapu iachiliwe. Kalamu ilikuwa mfukoni. Lakini kuachia gari moja tu, la kwake, mbele ya watu wanaopika chakula kwenye magari yao, ni jambo ambalo hata Kamati isingelishauri. Kuyaachia yote ndiko kabisa: Waziri angekuja kutazama nyasi.

Jumamosi asubuhi trekta liliingia uwanjani. Trekta halihitaji kibao. Kwenye tela alikaa Mjomba Nsiah, amejitanda nguo nyeusi. Pembeni yake alikuwa Baffo, msemaji wa ukoo, na fimbo yake ya kazi, maana mkuu wa ukoo hasemi na mtu ana kwa ana. Maneno hupita kwa msemaji. Nyuma yao alisimama Adoma, macho mekundu, mikono kifuani.

Mambo yana utaratibu. Uwanja ulikuwa wa Mamlaka, kwa hiyo mwenyeji alikuwa Ampem. Alitafuta viti mwenyewe. Alitafuta maji mwenyewe. Alitamani kupiga magoti aanze kueleza, lakini mgeni hasemeshwi hajanywa, na Mjomba Nsiah siku hiyo alikunywa maji kama anayasoma.

"Hapa kwetu ni shwari," Ampem alianza, kama mila inavyotaka, amesimama kati ya jeneza na lundo la magari yaliyokamatwa. "Ninyi ndio mliotoka safari. Tuelezeni."

Mjomba alimnong'oneza Baffo kwa sauti iliyofika hadi kwenye vyungu. "Mwambie tumekuja kumtazama mkwe. Tulisikia yupo."

"Mkuu wa ukoo anasema," alisema Baffo, "amekuja kwa amani kumtazama mkwe, ambaye habari zake ni kwamba yupo."

"Mwambie Mjomba, jeneza hili hapa. Nalikabidhi."

"Anasema analikabidhi."

"Nimesikia. Muulize ni la nani."

"Anauliza ni la nani."

"Langu! Nimelinunua kwa mkono wangu!"

"Muulize, kama ni lake, ile iliyobandikwa hapo kwenye mfuniko ni nini."

Uwanja mzima ukageuka. Bi Vida hakuwa mtu wa kazi nusunusu. Juu ya mvule uliong'arishwa alikuwa amebandika tangazo lenye mhuri: MALI YA MAMLAKA. Kwa mara nyingine tena, Ampem alikuwa amewaletea karatasi.

"Mwambie," Mjomba aliendelea, sasa bila hata kunong'ona, "sisi si wezi. Dada yangu hazikwi ndani ya mali ya Serikali. Ataulizwa huko aendako."

Watu wakacheka, hata waliokuwa wanalia. Adoma hakucheka. Alishuka kwenye tela, akampita msemaji, akasimama mbele ya mumewe.

"Theo. Ni lako au si lako?"

Ampem alimtazama. Alikuwa na majibu mengi, yote yakiwa na vifungu. Lakini uso wa Adoma ulikuwa uso wa mtu asiye na mama, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo Accra ikamtoka kichwani.

"Ni langu," alisema. "Na sasa ni la Mama. Vida! Bandua hiyo karatasi."

"Kwa kifungu gani, Mheshimiwa?"

"Jeneza si kiambatisho cha pikapu. Pikapu ndiyo kiambatisho cha jeneza. Waraka hausemi tuanze kuhesabu upande gani."

Bi Vida alifumba macho, akaupitia waraka kichwani, na uso wake ukachanua. "Kweli hausemi!" Akabandua karatasi kwa kucha, taratibu, asiharibu rangi. "Kwa hiyo jeneza ni mali ya ukoo. Pikapu imeshikamana nalo kwa skrubu. Na viambatisho vyote," alimalizia kwa fahari, "vinamfuata mwenye mali."

 Mjomba Nsiah aliweka gilasi chini.

"Baffo," akasema, "mwambie mkwe wangu arudie hapo kwenye pikapu."

Ampem alifungua mdomo.  Lakini Tawia alikuwa ameshasikia ya kutosha. "Jamani!" alipiga kelele kutoka juu ya bampa lake. "Kumbe kibao changu ndicho kiambatisho cha teksi! Kinanifuata mimi!" Injini ya kwanza ikawaka, ikafuata ya pili, mara uwanja mzima unanguruma, kila mtu anaondoka na mali yake na viambatisho vyake. Bi Vida aliwafungulia lango, akiwapigia saluti mmoja mmoja.

Mama Birago alizikwa vizuri. Jeneza lilitolewa kwenye pikapu kwa drili, mara moja, kwa kuwa pikapu ilikuwa mali ya ukoo na mwenye mali hutoboa anapotaka. Kwenye kipaza sauti Baffo alitangaza kwamba wakwe wengine huleta jeneza, lakini huyu wa kwetu ameleta jeneza na gari chini yake, jambo ambalo Nkwantaso haijapata kuliona. Wanawake wakapiga vigelegele. Ampem alikalishwa mstari wa mbele, pembeni ya wazee, na Adoma hakumwachia mkono mpaka watu walipotawanyika. Walirudi mjini kwa tela la trekta.

Jumatatu Waziri alifika, akaoneshwa uwanja mtupu wenye majivu ya mafiga. Bwana Ampem alitajwa Accra wiki hiyo, tena kwa sauti kubwa. Hatimaye neno "Kaimu" liliondolewa mbele ya cheo chake. Cheo nacho kiliondoka, kwa kuwa vilikuwa vimeshikamana. Wizara haikumfukuza, maana Wizara haina roho mbaya. Ilimpa kazi mpya, Afisa Mlegezaji, pamoja na bisibisi moja na maelekezo kwamba vibao vya zamani vya mkoa mzima virudishwe, bado bila tundu wala mkwaruzo. Mkurugenzi mpya, Bi Vida Boatemaa, alimkabidhi bisibisi hiyo kwa mikono miwili.

Gari la kwanza kuletwa lilikuwa pikapu yenye matundu manne sakafuni. Ampem alipiga magoti nyuma yake kwenye lami ya moto. Bisibisi ikateleza. Akaishika upya, ikateleza. Mbele, kwenye kiti cha abiria, Mjomba Nsiah alikuwa anakula karanga. Baffo alitoa kichwa dirishani.

"Mkuu wa ukoo anauliza, imelegea?"

"Mwambie Mjomba, bado."

Kichwa kikaingia ndani. Kikatoka tena.

"Anasema usiharakishe, mkwe. Ukimaliza hiyo, ya mbele nayo ipo."